Kete ya Mfuko wa Aproni

Katana mwanangu,

Salamu sikutumii, kwa kuwa uko hapo nje unaaga majirani na sauti yako naisikia mpaka jikoni. Hali yangu unaijua. Asubuhi umenikuta nikila mihogo sahani ya pili, na jana nilikuambia presha imenipanda siwezi kusimama. Kwa hiyo tuseme wazi kwamba mimi ni mzima.

Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitalia, na nikilia utadhani ni mbinu nyingine. Kwa wiki tatu hizi una kila haki ya kudhani hivyo.

Habari za kufua, kula na kuamka mapema sizigusi. Nimekuimbia hizo miaka kumi na tisa, na kama hazijaingia haziingii kwa barua. Babako naye amekwisha kutoa mawaidha yake yote: "Nyahururu kuna baridi. Vaa sweta." Kisha akarudi kwenye redio yake. Mimi nataka kukuandikia juu ya mchezo wa Sinyora.

Sanduku lake nimelitia chini kabisa ya begi lako, limefungwa kwa leso yangu ya zamani. Usilifungue kabla hujaimaliza barua hii. Najua sasa hivi umeshainuka. Kaa.

Wewe Sinyora wamkumbuka kwa biskuti zake tu. Ulikuwa na miaka sita nilipoanza kufanya kazi kwake, yule bibi wa Kitaliano mwenye nyumba ya makuti upande wa baharini. Mumewe alikuwa amefariki, na sanduku lao la mchezo lilikaa juu ya kabati likila vumbi. Siku moja nikalipangusa, likafunguka lenyewe, kete zikamwagika na dadu mbili zikabingirika mpaka chini ya friji. Nikasema moyoni, kazi imekwisha leo. Kumbe Sinyora akavuta kiti.

"Mama Katana, wewe jua hii?"

"Hii sijui. Mimi najua bao."

"Bao kitu gani?"

Hapo nilimhurumia kweli. Mtu ana miaka sabini, ana friji mbili, na bao halijui. Babu yako kule Kakuyuni alikuwa habanduki kwenye bao, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea wazee maji ya kunywa. Nilikuwa nikisimama nyuma yao na kata mkononi, natazama, mpaka mmoja wao aseme, "We mtoto, hili si lako, nenda ukatwange." Basi nikajiona ni mtu mwenye elimu yake. Nikakaa.

Akanionyesha. Sanduku linafunguka mfano wa kitabu, ndani kuna pembe ishirini na nne, kila mtu ana kete kumi na tano, unatupa dadu na kuzitembeza kete zako kuzunguka mpaka kwako, kisha unazitoa. Wa kwanza kuzimaliza ndiye mshindi. Kete mbili zikikaa pamoja ni nyumba, adui hatii mguu. Moja ikikaa peke yake inaweza kupigwa. Wenyewe wanauita bakgamoni, lakini sisi humu ndani tumeuita mchezo wa Sinyora tangu siku ile.

Nikatupa dadu, nikaikuta kete yake nyeupe imekaa pekee. Nikaila. Katika bao, kete ulizokula ni zako, unazisambaza kwenye mashimo yako na mwenzio anameza mate. Nikatafuta shimo la kuitia, hakuna. Nikaitia mfuko wa aproni. Nikala ya pili, mfukoni. Ya tatu nayo ikafuata wenzake. Sinyora akaanza kuhesabu kwa kidole, akavaa miwani, akahesabu tena.

"Kete yangu wapi?"

Nikaupigapiga mfuko kwa fahari.

"Hapana mfuko! Mfuko hapana!" Alikuwa mwekundu kama nyanya. "Yeye hapana kufa. Yeye ngoja hapa," akagonga ule ukingo wa katikati ya sanduku, "halafu yeye rudi. Anza mwanzo. Lakini yeye rudi!"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia mchezo ambao adui ukimpiga anarudi hauwezi kwisha, na kazi zangu za ndani zitafanywa na nani. Akanijibu kwamba yeye na mumewe walicheza miaka arobaini na kweli haukwisha. Nikazitoa zile kete tatu moja moja. Ya mwisho niliitoa kwa shingo upande, na nadhani aliliona hilo.

Tulicheza kila siku ya kazi kwa miaka tisa, saa nane mchana, sakafu ikikauka. Wewe nilikufunza mimi, na ukaanza kunifunga ukiwa darasa la saba, jambo ambalo sikulipenda. Sheria unazijua kunishinda. Ninazotaka kukuandikia ni zile nilizozijua halafu nisizifuate.

Nilipojifunza kwamba kete ya peke yake inapigwa, nikaingiwa na woga. Nikawa nazirundika kete sita, saba, juu ya nyumba moja, zote salama, zote zimebanana, na huku sanduku zima liko tupu na Sinyora anajipitia atakavyo. "Hii nini?" aliniuliza. "Hii soko?" Hakunionea. Nilikuwa nafungwa kila siku na kete zangu zote ziko salama.

Na nyumbani nilifanya vile vile. Unakumbuka ziara ya shule ya Gede? Safari ya nusu saa. Nilikupakia chupa mbili za maji, dawa ya tumbo, shuka, na binamu yako Kadzo, ambaye hata hakuwa mwanafunzi wa shule ile. Mwalimu alimrudisha Kadzo kwa bodaboda akiwa bado ameshika lile shuka. Wewe hukusema nami siku mbili.

Huko uendako tafuta mtu mmoja wa kukaa naye. Mmoja na wewe ni nyumba tayari, huhitaji soko. Na zipo siku itabidi uiache kete peke yake na kupiga moyo konde, kwa sababu bila hivyo hujengi chochote mbele. Sinyora alikuwa akifanya hivyo mwanzoni mwa mchezo, wakati mimi sijajenga hata nyumba moja kwangu. Nikimpiga, anaingia tena bila taabu. Akithubutu mwishoni, nimekwisha kumfungia milango. Basi makosa yako makubwa yafanye sasa, mwanangu, ungali mwanzoni. Usisubiri mpaka uwe na umri wangu.

Halafu kuna zile kete mbili za nyuma. Unajua zinavyoanza, mbali kabisa, kule kwa adui. Mchezaji mzuri huzikumbuka mapema. Mimi nilikuwa nacheza zile za mbele, nazipanga, nazipendezesha, na zile mbili naziambia ngojeni kidogo. Nikija kuinua macho, njia imezibwa.

Hili sijawahi kukusimulia. Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya chuo cha ualimu huko bara. Nilikuwa na sanduku la bati na viatu vya kufunga kamba. Mamangu akaniita uani akaniambia, "Bibi yako anakufa. Ngoja azikwe, ndipo uende." Nikangoja muhula mmoja. Bibi akakohoa. Nikangoja wa pili. Bibi akaomba supu. Katana, bibi yangu aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Alicheza ngoma kwenye harusi yangu, akanizunguka mara mbili akaniambia nimenenepa. Chuo kilikuwa kimekwisha kunisahau zamani, na vile viatu alivivaa mwingine.

Sisemi najuta. Ningekwenda nisingekutana na babako, na bila babako wewe hungekuwepo, wala redio. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaona walimu wakipita na madaftari yao nageuza uso, na hasira ile nilikuwa siijui ni ya nani. Nilimlaumu bibi, maskini, ambaye kosa lake lilikuwa kupona.

Kuna na la kupiga. Si kila kete unayoweza kuipiga uipige. Kwanza tazama nyuma yako umeacha nini wazi. Sinyora aliniambia hili mara mia, na bado nikaenda nikampiga shangazi yako Sidi mbele ya wageni sherehe ya kipaimara chako. Alisema mchuzi wangu umezidi maji. Nami nikamjibu kwamba afadhali mchuzi uzidi maji kuliko mdomo kuzidi maneno. Watu wakacheka, nikajisikia malkia. Nilichosahau ni kwamba sufuria zote tatu za wali zilikuwa zake. Akaziita zake, akaondoka nazo, na wali ukiwa ndani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mbili, ulisimama mlangoni na suti yako ukizitazama zikipanda tuktuk. Wageni walikula mchuzi kwa mkate, na mchuzi kweli ulikuwa umezidi maji.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napazungukia. Kikombe changu cha chai nimekijaza mara ya tatu kwa kuogopa kupafikia.

Ulipoleta ile barua ya chuo cha mifugo, nilicheka na kukukumbatia, na usiku wa siku ile nikaanza kujenga ukuta. Unaujua ukuta wa Sinyora, nyumba sita zilizofuatana. Kete iliyo nyuma yake haitoki, hata dadu ziseme nini. Nyumba ya kwanza ilikuwa mjomba wako Charo, ambaye ghafla alikupigia simu kutoka Kikambala kwamba hoteli inatafuta kijana wa mapokezi. Mimi ndiye niliyempigia kwanza. Ya pili, mchungaji, aliyekuja kuhubiri chai nzima juu ya kuwaheshimu wazazi. Ya tatu ilikuwa presha yangu. Ya nne ilikuwa Mbeyu, binti wa jirani, aliyekuletea samaki wa kupaka Jumamosi mbili mfululizo. Yule hana kosa. Nilimwambia kwamba wewe huulizia habari zake. Ya tano ilikuwa babako, niliyemtuma akutishe na baridi ya Nyahururu, naye akaja akakuambia uvae sweta. Hapo ndipo nilipoona kwamba ukuta wangu una tundu, na nikaitafuta nyumba ya sita kwa hofu.

Nyumba ya sita ilikuwa kitambulisho chako.

Hakikuanguka njiani, Katana. Siku ile Karisa alipokupeleka Kakuyuni kwa pikipiki ukamuage babu yako, ulirudi ukavua suruali ukaitupa kwenye beseni kama kawaida yako. Nilikuwa nafua. Nikakitoa mfukoni kisilowe, hilo naapa, nia ya kwanza ilikuwa kisilowe. Nikakitia mfuko wa aproni. Ulipoanza kukitafuta mkono wangu ulikuwa juu yake. Nilisema, "Tafuta vizuri." Nikainama nawe chini ya kitanda. Nikakushikia tochi.

Ulitafuta siku nne. Ulienda polisi kuandikisha, ukapanga foleni ofisi ya vitambulisho mara tatu, ukarudi vumbi limekujaa mpaka kwenye nyusi. Na katikati ya hayo ukamgeukia Karisa. Rafiki yako tangu mkiwa na meno ya maziwa. Nilikuwa jikoni nilipokusikia ukimwambia pale uani, mbele ya majirani, kwamba ni yeye aliyekiokota, na kwamba ana wivu kwa kuwa yeye anabaki. Alikuwa amekuja na helmeti mkononi. Aliivaa, akawasha pikipiki na kwenda zake, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Nilisikia kila neno, nikaendelea kukuna nazi.

Kuna jambo Sinyora alinionya nalo sikulielewa mpaka wiki jana. Mwenye ukuta naye lazima atupe dadu kila zamu. Hawezi kukaa tu akautazama. Siku inafika hana pa kutembeza ila kuubomoa kwa mkono wake. Siku yangu ilikuwa Jumanne, uliporudi na ile karatasi ya kusubiri kitambulisho kipya, ukasema chuo wataipokea kwa sasa. Ulikaa pale kwenye kigoda, ukaniambia bila hata kuinua macho, "Mama, hapa Malindi sasa simwamini mtu ila wewe."

Nilikwenda chooni nikafunga mlango. Babako aliniuliza kama ni tumbo.

Leo alasiri nilimwendea Karisa kwenye kituo chao. Aliniona akasimama, "Shikamoo mama," kama siku zote. Nikamwambia yote mbele ya wenzake, kwa kuwa wewe ulimtukana mbele ya watu na mimi sina haki ya kumsafisha kwa kunong'ona. Kisha akasema:

"Mama, mimi niling'oa kiti cha pikipiki."

"Ulifanya nini?"

"Niling'oa kiti. Nilidhani labda kimepenya humo. Nikarudi hadi Kakuyuni kwa miguu, kwenda mkono huu wa barabara, kurudi mkono ule. Nimepata kisu, ndara moja, na kuku wa watu."

Wenzake wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mwisho. Mimi sikuweza. Nikamwomba msamaha, na akaniambia, "Yamekwisha mama, lakini huyo Katana aniombe mwenyewe, kwa mdomo wake." Nimemwambia ana haki. Atakuwa hapa kesho alfajiri kukupeleka kwenye basi. Usimkalie nyuma kimya kama gunia la mkaa. Anza kusema kabla hajawasha injini.

Na mimi nakuomba msamaha wangu. Nilikuona unaondoka nikaogopa, na badala ya kukuambia naogopa, nikakuficha. Nilifanyiwa hivyo kwa supu ya bibi, nikajua uchungu wake, na bado nikakufanyia. Huo ndio ukweli, na sina kisingizio kilichobaki. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, hata mwezi mzima. Ila upokee simu ukiwa na hasira zako, nisikie tu sauti.

Kitambulisho chako kimo ndani ya sanduku, juu ya kete, kikavu kabisa.

Sinyora alipokuja kuchukuliwa na bintiye kurudi kwao, ndipo aliponipa sanduku hili. Alizihesabu kete mbele yangu zote thelathini, polepole, huku akiitazama aproni. Akaniambia kwamba sasa atakaa kwa mtoto wake na kupikiwa, na kwamba hajui kama ataweza. Nililibeba mpaka nyumbani kichwani. Wewe ulinipokea mlangoni ukaniuliza kama na biskuti zimo.

Sasa ni lako. Mfunze mtu huko, mchague anayejua kushindwa. Kete mbili za nyuma zitoe mapema. Ukipigwa, na utapigwa, ujue ni kungoja tu pale ukingoni mpaka zamu yako, kisha unaingia tena. Hapa kwetu sitakufungia nyumba hata moja. Shangazi yako Sidi ameniuliza kama aweza kuweka cherehani yake chumbani kwako, tumekwisha kupatana siku hizi, nami nimemwambia aiweke barazani.

Jambo moja la mwisho. Ukizihesabu utapata nyeusi kumi na tano na nyeupe kumi na nne. Usimshuku Karisa. Ile moja ninayo mimi, na unajua iko wapi. Huko tumia kizibo cha soda. Najua Sinyora alisema mfuko hapana, na kwa kitambulisho nimemtii, ingawa nimechelewa. Kwa hii moja mimi ni binti wa mcheza bao. Desemba ukija, idai. Nitabisha kidogo, halafu nitakupa.

Mamako